Kuruta Katika Damu

Jumatatu, 2 Desemba 1974

Mimi Nathanaeli Kitundu nimeanza kuandika leo. Mwalimu wa kisomo ametuambia kwamba mtu akijua kusoma halafu asiandike, herufi zinamtoroka kama mbuzi wasio na mchungaji. Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka, nikaenda Shelui kununua daftari. Katika darasa letu la watu wazima hakuna anayenifikia kwa mwandiko. Mwenyekiti wa kijiji, Mrisho mwenyewe, anaandika kama kuku aliyepita kwenye majivu, nimemwona.

Mvua ilinyesha jana. Tumepanda uwele.

5 Desemba

Mvua.

8 Desemba

Niliweke wazi jambo moja. Kijiji hiki si kwangu. Kwangu ni ng'ambo ya korongo, kwenye makaburi ya baba zangu. Mwaka huu wa Operesheni ya kuhamishia watu vijijini walikuja mgambo, Mrisho akiwa mbele yao, wakang'oa mlango wangu. Mlango wa mninga, niliuchonga mwenyewe niliporudi vitani. Wakasema, mzee hamia kijijini, huko kuna shule na zahanati. Zahanati yenyewe ni kuta nne, ndani wanalala mbuzi wa Mrisho.

Basi tangu siku hiyo akiniamkia shikamoo, simwitikii. Anarudia, nakaa kimya, anaondoka. Watu wanasema nina kichwa kigumu. Ni kweli. Mjapani alikijua vitani kule Bama.

17 Desemba

Mke wa mwanangu Simeoni tumbo limekuwa kubwa. Jina lake Theodora. Simeoni mwenyewe yuko Mitundu anapasua mbao, na kwa mvua hizi sijui atarudi lini.

Mwanamke huyu amezaa mara mbili, na mara mbili tumezika kabla hata kitovu cha mtoto hakijakatika. Watu wanasema mengi. Mimi sisemi uchawi, mimi ni Mlutheri. Nasema ni dhaifu. Akishika jembe kidogo tu, anakaa chini. Martha wangu alizaa watano, na wote walilia mpaka jirani akahama.

25 Desemba

Sikukuu. Jogoo. Mvua mchana kutwa.

3 Januari 1975

Palizi ya shamba la ujamaa. Mrisho anaita majina asubuhi, asiyeitika anatozwa faini. Theodora ameitika na tumbo lake.

Mimi nimeitika kwa kukohoa.

9 Januari

Theodora amerudi ameloa. Nilidhani ni mvua. Martha ananiambia maji ya uzazi yalimwagika jana kule kule shambani, akanyamaza, akaendelea kupalilia, na leo akaenda tena, kwa kuogopa jina lake liitwe asiitike.

Nikauliza, sasa itakuwaje?

"Tunangoja," Martha akasema. "Wewe kaa na mambo yako."

11 Januari

Amezaliwa. Mwanamume.

12 Januari

Mjukuu wangu halii. Wanawake wanaokuja kumwona wanatoka wanasifu: mtoto mpole, hamsumbui mama yake, amezaliwa na adabu. Nimewaambia adabu hiyo ni yangu. Huyu ni askari, askari halii ovyo. Nimeketi nje ya mlango tangu asubuhi na kila apitaye nimemweleza.

13 Januari

Leo nilikuwa hapo hapo nje, namweleza Paskali fundi baiskeli upole wa mtoto. Theodora akaniita kutoka ndani. Kwetu baba mkwe haingii kwa mzazi mpaka kitovu kikatike, basi tukasemezana ukuta ukiwa katikati.

"Baba."

"Ehe, mama."

"Unasema huyu mtoto ni mpole."

"Nasema. Sijaona mpole kama huyu."

"Baba, wale wawili nao walikuwa wapole."

Paskali akatazama chini.

Nikamuuliza Theodora, ananyonya? Akasema tangu jana hanyonyi, anashika titi anaachia. Ana joto? Akasema, "Hana joto. Afadhali angekuwa na joto. Miguu yake ni ya baridi kama ya chura."

Nikasema tunakwenda hospitali. Martha akatoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. "Mtoto hatoki kabla ya kitovu. Unataka upepo umpige? Unataka kila jicho la barabarani limwone?" Nikamwambia, Martha, wale wawili tuliwafungia ndani vizuri sana, hakuna jicho lililowaona, na wako ng'ambo ya korongo. Akaniangalia. Nimeishi naye tangu kabla ya vita na hajawahi kuniangalia hivyo. Akaondoka mlangoni, akaenda kukaa karibu na mafiga.

Mrisho akasikia, akaja. "Shikamoo mzee. Gari la kijiji limekwama Nzega. Na palizi haijaisha, huyu mama nitamwandikia vipi?"

Sikumwitikia. Nikasema kwa ukuta: "Theodora, funga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Kesho kukipambazuka tuko Shelui."

15 Januari, hospitali ya misheni

Ninaandikia kwenye benchi. Nina mengi.

Shelui tulipata lori la ng'ombe. Dereva alisema hana nafasi. Nikapanda nyuma katikati ya ng'ombe, nikamwambia sasa nishushe. Hakunishusha. Theodora akapewa kiti cha mbele. Kwenye mlima Sekenke tope lilikuwa hadi ekseli, lori likakwama, tukasukuma mimi na utingo wawili, na nisingekuwepo wangekuwa huko mpaka sasa. Tulipofika Misigiri, kinyesi cha ng'ombe kilikuwa kimefika kwenye kofia yangu. Hiyo kofia ni ya Keya, jeshi la Mwingereza, sijaivua tangu vita iishe.

Daktari wa hapa ni mama wa Kizungu, anajua Kiswahili cha kutosha. Akamvua mtoto nguo, akamgusa, akasikiliza kifua, akambonyeza ngozi, akaangalia damu inavyorudi. Akasema: "Hana homa."

Nikasema, hata sisi tunajua hana homa, hatukuja na ng'ombe kuambiwa hilo.

Akasema: "Baba, mtoto mchanga akishikwa na ugonjwa mkubwa wa damu si lazima apate joto. Mwingine hupoa tu, akanyamaza. Lakini pia yupo anayepoa kwa sababu ya mvua ya njiani. Macho yangu hayawezi kuwatenganisha hawa wawili. Nataka damu yake ituambie."

Hapo akaingia kijana mwembamba, koti jeupe, ameshika sinia lenye sindano na vioo. Ndiye Ahmadi, wa Singida mjini, baba yake ana duka la vitambaa. Kazi yake hapa ni kupima damu.

Mimi nikasimama. Hakuna asiyejua habari za mumiani, watu wanaowakausha wenzao damu wakaiuza iwe dawa ya wengine. Nimesikia tangu wakati wa Mjerumani. Mtoto mwenyewe ana damu ya kujaza kikombe cha chai tu. Nikawaambia: mpeni dawa, damu yake msiiguse. Nikasimama mlangoni, mkono huku na mkono huku, hakuna wa kuingia wala kutoka.

Ahmadi akasema, "Mzee wangu, damu ninayotaka ni ndogo kuliko anayokunywa kupe mmoja."

"Hata kupe naye namkamua."

Akacheka. Mimi sikucheka. Daktari akaanza kunieleza habari za dawa: kwamba sindano zile ni kali kwa figo na masikio ya mtoto, hawezi kumchoma ovyo kama hana ugonjwa. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshasema hapana, na mimi nikishasema nimesema.

Theodora alikuwa ameketi sakafuni, ameinamisha kichwa kama mke wa mtoto anavyokaa mbele ya mkwe. Akainuka. Akanitazama machoni.

Akasema, "Nathanaeli, toka mlangoni."

Asiyekuwa wa kwetu hataelewa. Kwetu mke wa mtoto hataji jina la baba mkwe, hata siku ya kufa. Theodora huyu huyu, kanisani akipewa kusoma habari za yule Nathanaeli aliyeketi chini ya mtini, husoma "yule mtu," na kanisa zima linajua ni kwa heshima yangu. Sasa amelitaja mbele ya Mzungu na mbele ya kijana wa dukani. Nilitaka kuinua mkono. Nikaangalia alichoshika. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya zambarau isiyoiva.

Nikatoka mlangoni.

Wakamchoma kisigino. Halafu ndipo nikaogopa, maana hata hapo hakulia. Mdomo ulifunguka, ukafunga.

Nikamwambia Ahmadi, umeichukua, sawa. Lakini nitaifuata mpaka inapokwenda. Akasema, karibu mzee, ila vua hiyo kofia, ina ng'ombe. Nikavua.

Chumba chake ni kidogo, kinanuka spiriti. Damu kidogo akaivuta kwenye kimrija chembamba kama bua la nyasi, akakisimamisha wima kwenye kibao. Nyingine akaipaka juu ya kioo, akaikausha, akaimwagia rangi.

Nikamuuliza kimrija kile cha nini. Akasema, "Tazama tu. Damu ya mtoto mchanga mzima haina haraka, inabaki juu. Yenye ugonjwa inashuka upesi, inaacha maji juu yake."

Basi nikaketi na kukitazama kama mtu anayechunga ndege shambani. Na damu ya mjukuu wangu ikashuka. Si kwa kuruka. Taratibu, lakini ilishuka, na juu yake yakabaki maji ya manjano. Nikasema, Ahmadi, imeshuka. Akasema, nimeona.

Kisha akainamia darubini, anahesabu kwa kidole. Nikamuuliza anahesabu nini.

"Nahesabu askari, mzee."

"Askari gani?"

"Katika damu kuna wekundu wa kubeba pumzi, na kuna weupe. Weupe ndio askari. Ugonjwa ukiingia, wanapigana."

Nikamwambia aondoke hapo, mimi ndiye askari. Akanipisha. Mwanzo niliona kope zangu tu. Halafu akanielekeza, nikaona. Wekundu wengi kama dengu. Katikati yao, mmoja mmoja, wakubwa, wenye kiini cha zambarau.

Ahmadi akasema: "Aliyekomaa kiini chake kimekatika vifundo, kama shanga kwenye uzi. Huyo umemwona?"

"Namwona mmoja."

"Wengine je?"

Nikamwambia wengine kiini hakijakatika, kimepinda tu kama bangili iliyovunjika.

"Hao ni wachanga," akasema. "Hawajamaliza kukua. Mahali pao ni ndani ya mfupa, si humu. Tena jumla ya weupe wote ni wachache."

Niliinua uso. Kijana huyu hakujua anazungumza na nani. Nikamwambia: "Mwanangu, hao tunawaita kuruta. Kule Bama kulikuwa na wakati kombania yetu ilikuwa na wazee wa kazi, kuruta mmoja mmoja. Siku nilipoamka nikaona mstari wa mbele wote ni kuruta, bunduki hawajui kuishika, nilijua bila kuambiwa na ofisa. Wazee wamekufa. Depo imefagiliwa. Mtu hapeleki kuruta mbele akiwa na mwingine wa kupeleka."

Ahmadi akanitazama. Akasema, "Mzee, hivyo ndivyo ilivyo."

"Basi mpeni hiyo sindano," nikasema. "Mnangoja nini?"

Sindano mbili, asubuhi na jioni. Ya kwanza amepigwa. Hajalia.

16 Januari

Mvua. Halii.

17 Januari

Amepumua vibaya asubuhi. Maziwa wanampitishia mpira puani. Theodora hajaniambia neno wala mimi sijamwambia. Nimemletea uji, nikauweka chini, nikageuka. Akaunywa.

Mwanamke huyu nilimwita dhaifu. Sikulifuta hapo nyuma, libaki, watu waone nilivyokosea.

19 Januari, Jumapili

Mtoto amekuwa mweupe hata viganja. Daktari ameniita, akasema sindano zinafanya kazi lakini mwili umechoka, damu imepungua na askari wamekwisha. Anahitaji damu mpya ya mtu mzima, inayotoka mwilini papo hapo, si ya chupa ya zamani. Damu yenye askari ndani.

Nikasema hilo halina mkutano. Nikakunja shati. Nani mwingine mwenye askari kama wangu? Nikawaambia hawa wamepiga vita, watafika tu watauliza adui yuko wapi.

Ahmadi akanitoboa kidole. Akaweka tone langu kwenye kigae cheupe pamoja na dawa zake, akakitikisa. Likagandana. Vipande vipande, kama maziwa yaliyochacha.

"Haikubali, mzee."

"Rudia."

Akarudia, kidole kingine. Ikagandana.

"Damu yako na yake si kundi moja. Nikimtia hii, itamuua."

Nimetukanwa na wengi. Sijawahi kutukanwa na kigae. Theodora akanyoosha mkono wake, daktari akakataa, mzazi wa juzi hatolewi damu. Simeoni yuko Mitundu, na barabara imekatwa na mto. Watumishi wa hospitali walio na kundi hilo walishatoa wiki iliyopita kwa mwanamke aliyepasuliwa.

Nimekaa uani, mvua inaninyea. Na mbele yangu nani anashuka kwenye Landrova ya chama? Mrisho.

"Shikamoo mzee."

Kimya.

"Nimetumwa na kijiji. Habari zimeenea kwamba mtoto ametolewa damu na imeuzwa, kwamba wewe ndiye uliyepokea kitu. Wanawake wamegoma kwenda palizi, wanasema wakienda watakuja kukamatwa. Nimekuja kuwarudisha nyumbani, mtoto na mama, leo hii, watu wawaone."

Nikainuka. Nimemzidi kwa kichwa kizima. Nikamwambia:

"Mrisho bin Saidi. Uling'oa mlango wangu. Ulimsimamisha mwanamke mwenye mimba kwenye palizi, maji yake yakamwagika, akaogopa jina lake kuitwa kuliko alivyoogopa kufa. Sasa unataka kunirudisha. Mtoto harudi. Unataka kumwona? Njoo umwone."

Nikamvuta kwa mkono mpaka ndani. Akamwona. Mrisho ana watoto saba, anajua mtoto anavyotakiwa kuwa. Akavua kofia. Akasema polepole, "Mama Theodora, kumbe yalimwagika shambani? Mbona hukusema?"

Theodora akasema, "Ungeandika nini?"

Mrisho akaikunja kofia yake.

Ahmadi alikuwa amesimama pale na kigae chake. Hawa watu wa vipimo hawana aibu. Akasema, "Mwenyekiti, tukupime na wewe?"

Nikasema hapana. Huyu hapana. Afadhali ng'ombe wa lile lori.

Mrisho akakunja shati bila kunitazama. Akatobolewa. Tone lake likawekwa, likatikiswa. Likatulia laini kama mafuta ya ufuta. Ahmadi akalichanganya na la mtoto, akalitia kwenye darubini, akatazama sana, akaniita. "Tazama mwenyewe, mzee, usije ukasema nimekudanganya."

Nikatazama. Hakuna vipande. Damu ya Mrisho na ya mjukuu wangu zilikuwa zimekaa pamoja kama watu wa nyumba moja. Nikatafuta kosa mpaka jicho likatoa machozi. Sikuliona.

Akalala kitandani, wakamtoa. Alikuwa anatetemeka. Mwenyekiti mzima, mwenye mgambo. Akageuza uso ukutani, akasema, "Mzee, shikamoo."

Nikasema, "Marahaba." Ilitoka kama kikohozi, lakini ilitoka. Nikaongeza, "Usitingishike, unamwaga mali ya watu."

Wanamtia mtoto tone kwa tone kwenye mshipa wa kichwani. Ninaandika huku naangalia.

20 Januari

Viganja vimepata rangi.

21 Januari

Amelia. Asubuhi, alipochomwa sindano. Kilio chembamba, cha mwana mbuzi. Theodora akaketi chini akajifunika uso na kanga. Mimi nikatoka nje nikamwambia mlinzi wa geti, umesikia? Akasema hakusikia. Nikamwambia basi una masikio ya kazi gani?

25 Januari

Martha amefika na lori la chumvi. Mtoto ananyonya, amechangamka, kitovu kimekatika jana. Martha akakichukua akakifunga kwenye kitambaa, akasema: "Basi, ameshapona, tunarudi, uwele unaliwa na magugu." Watu wa wodini wote wakasema kweli, mzee rudi, mtoto huyo mzima.

Mimi nikasema, mlisema hivyo hivyo alipokuwa mpole. Macho yenu yote nimeshayajua. Hatutoki mpaka damu iseme.

Martha akasema, "Wewe si ndiye uliyezuia mlango wasiichukue?"

Kumbe ameshaambiwa. Nikasema, ndiyo, ni mimi. Na sasa nazuia mlango watu wasitoke. Nikaenda nikasimama hapo hapo.

Wakamchoma kisigino. Akapiga kelele, na mguu akampiga Ahmadi teke la mkono. Kimrija: damu ilishuka kidogo tu. Kioo: nikatazama mwenyewe kabla ya Ahmadi. Wenye shanga wameongezeka, lakini kuruta bado wapo, wengi kuliko inavyofaa. Nikamwambia, vita haijaisha, adui amerudi nyuma tu. Ahmadi akahesabu, akasema mzee umesema sawa. Daktari akasema sindano ziendelee.

Martha amelala chini ya kitanda cha Theodora.

30 Januari

Jua leo. Nimeanika kofia.

3 Februari

Kioo cha mwisho. Nimetafuta kuruta kila pembe ya kioo. Mmoja, wa pili yuko mbali peke yake. Ahmadi akasema hao ni wa kawaida, hata yeye anao. Nikampa mkono. Nikamwambia, wewe ni kijana wa duka la vitambaa, lakini ungefaa kuwa sajini. Akasema, nashukuru mzee, ila mimi damu nyingi naogopa. Tukacheka, na mimi nilicheka.

Njiani Theodora alikaa mbele na mtoto, mimi nyuma na magunia. Tulipofika Shelui akashuka, akainamisha kichwa, akasema, "Baba, siku ile nilikosa adabu. Nilitaja jina."

Nikamwambia, "Nililisikia. Lilikuwa na kazi."

12 Februari

Palizi. Mrisho haiti tena majina ya wenye mimba. Hakutangaza, hakueleza, ameacha tu. Mbuzi wake amewatoa zahanati.

Bado wapo wanaonipita mbali, wanasema niliuza. Nimewaambia njooni mtazame kisigino, kidonda ni kidogo kuliko cha mbu. Paskali alikuja kutazama. Wengine bado. Watakuja, au hawatakuja, kazi kwao.

28 Februari

Uwele umetoa masuke. Simeoni amerudi na mbao. Alimshika mtoto kama anashika msumeno.

16 Machi

Jambo la jina. Wale wawili hawakuwahi kupewa. Simeoni akasema mama ndiye aseme. Theodora akasema, "Ataitwa Mrisho."

Martha akaangusha kibuyu. Simeoni akanitazama mimi, anangoja nikatae. Nyumba nzima ilikuwa inangoja nikatae. Nikafikiri majina yote ya ukoo wetu tangu waliotoka na ng'ombe wao kuja hapa. Halafu nikafikiri kile kigae.

Nikasema, kuna tatizo gani?

30 Machi, Pasaka

Ubatizo. Mchungaji akauliza jina, Theodora akasema, mchungaji akaweka kalamu chini.

"Hilo ni jina la Kiislamu. Mpeni jina la Kikristo. Paulo, Simeoni kama baba yake, au Nathanaeli kama babu, jina zuri kabisa."

Waumini wakaguna. Mimi nikainuka kwenye benchi la mbele, ambalo ni langu.

"Mchungaji," nikasema, "huyo Mrisho simpendi. Watu wote hapa wanajua simpendi. Mlango wangu hajaurudisha. Lakini mimi nilitoa damu yangu ikakataliwa, na yake ikakubaliwa, na niliona kwa jicho langu kwenye darubini. Ulikuwepo?"

"Sikuwepo, mzee Nathanaeli."

"Basi andika."

"Kanuni ya kanisa..."

"Mchungaji, mimi nilimzuia daktari mlangoni nikashindwa na mwanamke huyu. Wewe utamweza?"

Akamtazama Theodora. Theodora hakuinamisha kichwa. Mchungaji akachovya kalamu, akaandika Paulo Mrisho, akasema hiyo Paulo ni yake, haitoi. Nikamwachia. Maji yalipomgusa alilia mpaka wimbo wa kutokea haukusikika, na mzee mmoja nyuma akasema, "Mtoto msumbufu huyu." Nikageuka nikamwambia ahsante.

11 Aprili

Tunavuna. Theodora amemlaza mtoto kivulini pembeni ya shamba, amerudi kwenye mstari wake. Nilikuwa mbele yake na nilishindwa kumwacha nyuma, nimeandika hili kwa sababu ni kweli. Mtoto akaanza kupiga kelele, Theodora akaita kwa mbali, "Mrisho, wee Mrisho, nyamaza, nakuja."

Mwenyekiti alikuwa anapita na baiskeli. Akasimama, akageuka, akaja mbio mbio. "Naam? Nani ananiita?"

Wavunaji wote wakainua vichwa.

Nikamwambia, "Hakuna anayekuita wewe. Anaitwa mwenye shamba. Lakini umeshafika, na mundu uko hapo."